Mpwa Haondoki Mikono Mitupu

Wanaosema hasira hasara hawajawahi kunyang'anywa kitu wakiwa wamekishika mkononi. Mbambu wa Bwera alinyang'anywa, na mimi ninayesimulia sitamwambia atulie. Walikwisha kumwambia hivyo watu wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyemrudishia chake.

Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa nne wa kike wa Masereka, yule muuza maharagwe na vitunguu katika soko la mpakani. Mama yake, Consolée, alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni, akaolewa Bwera na hakurudi tena ila kwa misiba. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya barabara ya Mpondwe, nayo ilijaa magunia kiasi kwamba mgeni akija ilibidi gunia moja litolewe nje ndipo apate pa kukaa. Kila alfajiri kabla ya shule Mbambu alichambua maharagwe na mama yake, akitenga yaliyotobolewa na wadudu. Macho yake yalizoea kuona kilicho kibovu mapema, na mdomo wake haukuzoea kunyamaza akishakiona.

Hasira alizaliwa nayo. Alipokuwa darasa la tatu, mvulana mmoja mkubwa alichukua nafasi yake kwenye benchi la mbele. Mbambu hakulia wala hakumshtaki kwa mwalimu. Alimkalia juu yake, na akabaki hapohapo mapajani mwa yule mvulana, daftari mkononi, hadi kengele ya chakula. Tangu siku hiyo benchi la mbele lilikuwa lake. Jirani zao walicheka wakasema huyu atampata mume wapi. Masereka naye alicheka, maana hasira ya mtoto mdogo huchekesha. Ikikua ndipo wanaitafutia kamba.

Sataranji aliipata sekondari. Mwalimu Nobert, aliyefundisha jiografia, alikuja na ubao wa plastiki unaokunjwa kama mkeka na kete ndani ya soksi. Ngome moja ilikuwa imepotea, na badala yake palikuwa na kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Wavulana walicheza, wasichana wakatazama. Mbambu alitazama siku kadhaa, mikono nyuma, kisha siku moja mvulana aliyekuwa anacheza alipokubali kushindwa, akamwambia, "Umeacha mchezo na ulikuwa na njia." Akainama akamwonyesha hiyo njia. Nobert akamwinua yule mvulana, akamwambia Mbambu aketi.

Kuanzia hapo hasira ikapata mahali pa kukaa. Kwenye ubao mtu hawezi kukurukia. Lazima angoje zamu yake, na wewe ungoje yako, na aliyekukosea utamfikia tu ukiwa na subira. Nobert alimwambia, "Hasira yako ikalie, kama ulivyomkalia yule mutoto. Mkono ufanye kazi." Kumbe hadithi ya benchi ilikuwa imemfikia hata yeye. Mbambu aliikalia hasira yake, na ndani ya miaka miwili hapakuwa na mvulana wala mwalimu pale shuleni aliyetaka kuketi mbele yake bila kushurutishwa.

Sasa nikujulishe kwa Davis, maana bila yeye hakuna kisa. Masereka alikuwa na dada mmoja, Enid, aliyeolewa Muhokya. Davis ni mwana wa Enid, wa rika moja na Mbambu, akisoma shule ya mjini Kasese ambako sataranji hufundishwa tangu madarasa ya chini. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na sauti ya upole na viatu safi, na hakuna mahali alipodeka kama kwa mjomba wake. Akifika Bwera likizoni, firigisi ya kuku ilitoka kwenye sahani ya Masereka ikaenda kwenye sahani yake. Akitaka kuku wa kwenda naye Muhokya, haulizi. Anamkamata uani, anamfunga miguu, anaaga. Mbambu ndiye aliyewalisha kuku hao. Alipolalamika mara ya kwanza, baba yake alimjibu kwa neno la wazee wao: mwihwa, yaani mpwa, haondoki mikono mitupu. Nyumba inayomnyima mpwa, walisema, haitulii.

Desturi hiyo ina mzizi, na mzizi wake ni mbuzi. Enid alipoolewa, mbuzi wa mahari yake waliingia kwa baba yao, na mbuzi haohao ndio waliotoka tena kwenda ng'ambo kumposa Consolée kwa ajili ya Masereka. Kwa hiyo kila kitu kilicho katika nyumba ya Masereka, mke akiwamo, kina alama ya Enid, na mwana wa Enid akija huchukua sehemu yake. Ndivyo hesabu yao ilivyokuwa. Enid mwenyewe sikusikia akiulizwa kuhusu hesabu hiyo.

Katika likizo ya mwaka 2018 yakafanyika mashindano ya vijana mjini Kasese, kwenye ukumbi wa shule moja, wavulana na wasichana pamoja. Mshindi mmoja tu angekwenda Kampala kucheza na vijana wa nchi nzima. Mbambu hakuwahi kuvuka Kasese. Kampala aliijua kwa mabasi yanayoondoka Bwera alfajiri na vumbi lao. Aliitaka safari ile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakulificha hilo; alimwambia mama yake, aliwaambia wateja sokoni, alimwambia hata mchungaji.

Ulikuwa mwaka wa hofu ya ebola iliyokuwa ng'ambo. Mlangoni paliwekwa ndoo ya maji yenye dawa, na wachezaji waliambiwa wasipeane mikono. Mbambu alinawa, akaingia, akaanza kupiga watu. Alimpiga mvulana wa Bugoye aliyekuja na kocha wake, akampiga msichana wa Bwesumbu aliyekuwa akicheza vizuri na kulia vizuri pia, akampiga mwingine na mwingine. Alitoka sare mara moja tu, tena kwa uchovu. Davis naye alikuwa akishinda upande wake, hakutoa hata sare moja. Ilipofika raundi ya mwisho wakawekwa meza moja, Davis akiwa mbele kwa nusu pointi. Hapo mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu: Mbambu akishinda, Kampala ni yake. Davis akishinda au ikiwa sare, Kampala ni ya Davis.

Siku hiyo Masereka alikuwa amepeleka vitunguu Kasese, na alipomaliza kushusha akaja kutazama. Hakujua sataranji. Alijua kwamba binti yake na mpwa wake ndio waliobaki wa kuangaliwa, na alisimama nje ya dirisha pamoja na wazazi wengine, kofia mkononi, amejaa fahari pande zote mbili. Mbambu alimwona akafurahi. Baba yake hakuwahi kuja kumtazama akicheza.

Mchezo ulianza baada ya chakula cha mchana. Davis alifungua kama alivyofunzwa, haraka haraka, kama mtu anayesoma sala aliyoikariri. Mbambu alimwacha aseme sala yake mpaka mwisho, kisha akapeleka farasi mahali ambapo sala ile haikufika. Davis akafikiri sana. Akapoteza askari mmoja, halafu askofu. Akajaribu kushambulia, akafungiwa. Mwishowe Mbambu alikuwa na malkia na ngome na askari wake watatu, na Davis alikuwa na ngome moja na askari wachache waliotawanyika, na mfalme asiye na pa kujificha. Mwalimu Nobert, aliyesimama ukutani na walimu wengine, alianza kutabasamu huku akijizuia.

Davis akainua mkono, akamwomba mwamuzi ruhusa ya kwenda msalani. Akaruhusiwa.

Alikawia kidogo. Mbambu hakuinua macho. Alikuwa akitafuta njia fupi. Davis aliporudi, uso ulikuwa umeoshwa na ulikuwa mtulivu, na utulivu huo haukuwa wa mtu aliyepoteza askofu. Akaketi. Akasema chini chini, "Dada, tufanye droo."

"Hapana."

"Nimeongea na mjomba."

Mbambu akainua kichwa.

"Nimemuomba," alisema Davis. "Nimemwambia mimi ni mpwa wake na leo ndiyo naomba. Amenipa."

Mbambu akageuka kutazama dirishani. Baba yake alikuwa pale pale. Alimtazama binti yake, akatikisa kichwa kukubali, kisha akashusha kiganja polepole, vile anavyomwashiria mpimaji sokoni kwamba inatosha, asiongeze.

Nisikudanganye kwamba alihuzunika. Huzuni ni ya watu wenye nafasi. Alichosikia Mbambu ni hasira tupu. Alimkasirikia Davis kwa kuomba, na kwa uso wake uliooshwa. Alimkasirikia baba yake mara kumi zaidi, kwa kutoa kile ambacho hakukipanda, hakukipalilia, wala hakujua hata majina ya kete zake. Firigisi alitoa, sawa, ilikuwa yake. Kuku alitoa, na kuku angalau walilala katika banda lake. Lakini hili! Alitaka kusimama pale pale apige kelele ukumbi mzima usikie. Na bado alikuwa Mbambu wa Masereka, msichana ambaye angeweza kumkalia mvulana yeyote mapajani lakini hajawahi, hata siku moja, kumwambia baba yake hapana. Alikuwa na hatua mbili tu afike mwisho. Mkono wake ukagoma kuzicheza.

"Sema basi," Davis alinong'ona. "Tumwite mwamuzi."

"Cheza," alisema Mbambu.

"Lakini mjomba amesema—"

"Nimesikia alichosema. Utaipata. Cheza."

Davis akacheza. Mbambu akambadilishia ngome kwa ngome, na hapo mvulana akabaki na mfalme na askari. Kisha malkia wa Mbambu akaanza kutembea. Alimla askari wa kwanza. Hakumla kwa haraka. Alimwinua, akamweka kando ya ubao, akamsimamisha vizuri. Akamla wa pili, akamsimamisha karibu na mwenzake. Davis akapeleka mfalme huku, akampeleka kule, na kila alipokwenda alipungukiwa. Watu waliokuwa wamemaliza michezo yao wakaanza kusogea. Hata asiyejua sataranji aliweza kuona kwamba upande mmoja unaliwa na upande mwingine unashiba.

Kumbuka kwamba Davis angeweza kuyamaliza yote kwa kidole kimoja. Mchezaji akimlaza mfalme wake amekubali kushindwa, na mchezo ungekuwa wa Mbambu, na mambo ya wajomba yangebaki dirishani. Mbambu alimpa nafasi hiyo katika kila hatua. Alikuwa akimtazama usoni, si ubaoni. Davis hakumlaza mfalme. Alitokwa jasho, masikio yakamwiva, lakini aliitaka Kampala kuliko alivyoitaka heshima yake, akaendelea kuketi.

Askari wa mwisho alipokwisha kuliwa, Davis akabaki na mfalme peke yake, uchi kabisa katikati ya ubao. Mwalimu Nobert sasa alikuwa akicheka waziwazi. Mbambu bado hakutosheka. Akamsogeza askari wake mmoja hadi mwisho wa ubao akamgeuza malkia wa pili, jambo ambalo halikuhitajika hata kidogo, na mwamuzi ilibidi akaazime malkia kwenye meza nyingine. Vijana wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Sasa anamtesa," na mwamuzi akamnyamazisha.

Mfalme wa Davis akasukumwa hadi pembeni, kisha hadi kona. Palikuwa na mahali pa kumweka malkia ambapo mchezo ungekwisha kwa ushindi. Nobert alipaona, vijana wa meza za nyuma walipaona, Davis mwenyewe alipaona akafumba macho. Mbambu akamwinua malkia, akampitisha juu ya mahali hapo, akamweka nyumba inayofuata, mraba wa jirani.

Katika sataranji, mfalme asiyeshambuliwa, lakini asiye na pa kukanyaga, na mwenye mfalme huyo akiwa hana kete nyingine ya kusogeza, huyo hajashindwa. Mchezo unaishia hapo, sare, hata kama mbele yake kuna malkia wawili. Mwamuzi alitazama ubao, akamtazama Mbambu, akautazama ubao tena. Kisha akasimamisha saa, akasema, "Sare."

"Chukua," Mbambu alimwambia Davis. "Usiondoke mikono mitupu."

Akasimama. Kwa sababu ya ebola hapakuwa na kupeana mikono, na siku ile jambo hilo lilimfaa.

Nobert alimkuta mlangoni, mikono kichwani kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. "Mbambu! Ulikuwa na mati, mfalme amekwisha! Nyumba moja tu!"

"Najua, mwalimu."

"Unajua? Unajua halafu—"

"Muulize baba."

Nobert alikwenda moja kwa moja kwa Masereka, na Mbambu akajua kwamba sasa maneno yatasemwa, maana Nobert alikuwa mtu wa kusema. Aliwahi kubishana na mkuu wa shule, aliwahi kubishana na askari wa mpakani. Masereka akavaa kofia yake, akamwambia, "Mwalimu, hii ni mambo ya ukoo." Nobert alifungua mdomo. Naye alikuwa na wajomba zake, na alikuwa na wapwa. Akaufunga. Mbambu alimwona akiufunga, na hilo lilimchoma karibu sawa na kile kiganja cha dirishani.

Walirudi Bwera ndani ya lori tupu la vitunguu, baba mbele na dereva, binti nyuma na magunia matupu. Consolée alikuwa jikoni akisonga unga wa muhogo. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Umeniaibisha," Masereka alianza, hata kabla ya kuketi. "Umemvua nguo mutoto wa dada yangu mbele ya watu. Hata mimi mwenye sijui ile mchezo niliona. Ulikuwa unamukula kama nyama."

"Ulisema nimpe. Nimempa."

"Sikusema umupe vile!"

"Hukusema nimpe namna gani."

Kofi halikuja, ingawa wote watatu walilingoja. Masereka alikaa kwenye gunia. Alikuwa mtu wa haki, au alijihesabu hivyo. Alipima maharagwe yake kwa uaminifu na watu walimwamini. Ndiyo maana ilimuuma kuonekana mwizi na mtoto wake mwenyewe.

"Sikiliza," alisema. "Ile mbuzi ilimuleta mama yako hapa ilikuwa ya Enid. Bila mbuzi ya Enid mimi sioi. Bila mimi kuoa, wewe hauko. Mutoto wa Enid akisema mjomba nipe, mimi niko na mdomo gani ya kusema hapana? Wewe mwenyewe ni wa hiyo mbuzi."

Consolée aliacha mwiko. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na Kiswahili chake cha ng'ambo kilizidi kuwa cha ng'ambo akikasirika. "Baba Mbambu," alisema, "mbuzi zilienda kwetu. Miye nilikuya na miguu yangu." Kisha akarudi kusonga, na akasonga kwa nguvu mpaka sufuria ikazunguka.

Mbambu hakula. Aliwaambia kwamba hatagusa tena ubao wa sataranji, na kwamba kuku waliobaki wawalishe wenyewe. Siku zilizofuata alichambua maharagwe bila kufungua kinywa, na baba yake akiingia chumbani yeye alitoka. Watu wa soko walimsema. Walisema msichana amejaa kiburi, amekosa adabu, kwani mchezo wa kete ni kitu gani hata mtu amnunie mzazi wake? Hao ndio waliokuwa wakigombana hadi kuchaniana mashati kwa kipimo cha vitunguu. Kila mtu chake ni kikubwa. Cha msichana tu ndicho kidogo.

Nikuambie mapema ili usikae ukingoja: Davis alikwenda Kampala. Jina lake lilikuwa limeshapelekwa siku ile ile, na hakuna aliyelirudisha. Alicheza huko, akapigwa karibu na kila aliyeketi mbele yake, akarudi.

Lakini kabla hajakwenda, Jumapili baada ya ibada, Enid alifika Bwera. Alikuja na Davis, akimtanguliza kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni. Masereka alipowaona wakipanda kutoka barabarani alijua sababu, au alidhani anaijua: mtoto amevuliwa nguo mbele ya watu na mama mtu amekuja kudai. Alitoa gunia nje ili wapate pa kukaa. Alimwambia Consolée amkamate kuku. Alimwita Mbambu aje amsalimie shangazi yake na amwombe radhi.

Mbambu alikuja, akapiga magoti, akasalimia. Radhi hakuomba. Enid alimshika bega, akamwinua, na yeye mwenyewe hakuketi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya jembe, na hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia akipaza sauti mbele ya kaka yake. Kaka yake alikuwa mkubwa kwake, naye kila mara alimwita kaka. Siku hiyo alimwita kwa jina.

"Masereka. Huyu Davis ananiambia ulimupa mchezo ya Mbambu. Ni ukweli?"

"Ni ukweli. Na huyu Mbambu amemufanyia mubaya, nimemugombeza. Keti, Enid. Kuku iko inakuja."

"Sikuuliza kuku. Ulimupa kwa nini?"

"Si ni mpwa yangu? Iko na haki kwangu."

"Haki ya nini?"

Masereka alimtazama dada yake kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Ya mbuzi zako."

Davis alikuwa akitazama viatu vyake, ambavyo siku hiyo vilikuwa na vumbi.

"Wakati ile mbuzi inaingia kwa baba," alisema Enid, "mimi nilikuwa darasa gani?"

Masereka hakukumbuka, na ilionekana wazi kwamba hakuwahi kujua.

"La saba. Mtihani ilikuwa imebakia wiki chache. Mwalimu alikuja nyumbani akaomba baba wangoje nimalize. Baba akasema shule ya msichana itangoja, lakini kwao Consolée watu hawangoji, watamupatia mwanaume mwingine. Wewe ulikuwa umekaa pale kwa mlango, Masereka. Ulisikia. Ulikuwa unatengeneza kamba ya kuvuta hiyo mbuzi."

"Enid, hiyo ni mambo ya zamani. Mimi sijasahau deni yako. Ndiyo maana mutoto yako akiomba ninalipa. Nimelipa miaka yote."

"Umelipa nani?" Sasa sauti ilipanda, na Consolée alitokea mlangoni, kuku akiwa hai chini ya kwapa. "Umelipa Davis! Davis alipoteza nini? Walinichukulia mimi, unamulipa mwanaume. Na unamulipa na nini? Na huyu!" Alimshika tena Mbambu bega, kwa nguvu hata Mbambu akayumba. "Mlinitoa mimi nikiwa msichana, sasa unatoa msichana mwingine, unasema deni imekwisha!"

Davis akasema, "Mama, mimi niliomba tu—"

"Wewe nyamaza. Wewe nitakuongelesha njiani."

Mbambu alisimama kati yao, na hasira yake, ambayo siku zote alidhani ni yake peke yake, ilikuwa ikitoka katika kinywa cha mtu mwingine, kubwa kuliko yake na yenye miaka mingi kuliko umri wake. Hakujua aitazame wapi.

Masereka alisimama. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mizani, na mtu wa mizani akiambiwa amepunja huongeza kitu upande wa pili mpaka palingane.

"Basi niambie," alisema. "Jina ya Davis imeshaenda, siwezi kuirudisha. Lakini mimi niko hapa. Kama ni mbuzi, nitatafuta mbuzi. Kama ni shamba ya kahawa, tuongee. Sema, Enid, dada yangu, mbele ya hawa wote. Unataka nini?"

"Nilitaka kusoma," alisema Enid.